Shajara ya mradi: Kukuza bamba pana la yakuti angavu

14 Januari

Mradi huu una lengo moja: kukuza bamba la yakuti lisilo na rangi, lenye upana wa milimita 300 na urefu wa milimita 500, ambalo likishasagwa na kung'arishwa litafaa kuwa dirisha la kamera za mwanga wa kawaida na za infraredi. Mabamba yatakayoonekana kuwa na dosari ndogo, ambazo jicho la kamera lingezilalamikia lakini risasi isingezijali, tutayatumia kama uso wa mbele wa deraya angavu. Karakana yetu iko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na shajara hii naiandika kwa ajili ya wahandisi wa vifaa wa Dar es Salaam na Nairobi ambao wameomba kuifuatilia kazi hii hatua kwa hatua.

Yakuti ninayoizungumzia ni oksidi ya alumini iliyopangika kama fuwele moja tu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ni madini yaleyale yanayochimbwa katika bonde la Umba mkoani Tanga, isipokuwa mawe ya Umba hupata rangi zake nyingi kutokana na chembe za chuma, kromi na vanadi, ilhali sisi hatutaki rangi hata kidogo. Huyeyuka kwenye nyuzi 2,050 hivi za Selsiasi, ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs, na hupitisha mwanga kuanzia urujuanimno hadi kwenye infraredi ya takriban mikromita 5. Kioo cha kawaida huanza kuziba infraredi karibu na mikromita 3. Salfaidi ya zinki huipitisha vizuri, lakini ni laini mno kustahimili mchanga na matone ya mvua yanayoipiga kwa mwendo wa ndege. Ndiyo maana ndege ya kivita ya F-35 imewekewa chini ya pua yake madirisha ya yakuti, yaliyounganishwa pembe kwa pembe, ili kulinda vifaa vyake vya kulenga.

21 Januari

Leo tumefunga mjadala wa njia ya kukuzia. Zipo njia zinazotoa bonge kubwa la fuwele ambalo baadaye hukatwa vipande kwa waya wenye almasi. Ya Kyropoulos, iliyoanzia Göttingen, Ujerumani, mwaka 1926, hugusisha mbegu, yaani kipande kidogo cha fuwele kinachoanzisha ukuaji, kwenye uso wa alumina (oksidi ya alumini) iliyoyeyuka na kupunguza joto taratibu hadi karibu chungu kizima kiwe fuwele. Wachina wamekwisha kuvuka kilo 600 kwa bonge moja kwa njia hii. Nyingine ilibuniwa na Fred Schmid na Dennis Viechnicki katika maabara ya jeshi la nchi kavu huko Watertown, Massachusetts: mbegu hukaa chini ya chungu na kupozwa kwa gesi ya heli, hivyo fuwele hukua kutoka chini kwenda juu, mahali palipotulia. Bonge la namna hiyo huwa safi ajabu, na mtu anayetaka dirisha dogo la ubora wa juu kabisa hana sababu ya kutafuta kwingine.

Lakini dirisha pana ni jambo tofauti. Ukikata bamba la milimita 300 kwa 500 kutoka kwenye bonge la duara, sehemu kubwa ya bonge hubaki mabaki, na kila uso uliokatwa unadai kusagwa upya kwa almasi. Kwa hiyo tumechagua kuvuta bamba likiwa tayari na umbo la bamba. Njia hiyo iliendelezwa na Harold LaBelle na A. I. Mlavsky katika maabara za Tyco, mjini Waltham, katika miaka ya 1960, walipokuwa wakitafuta nyuzi nyembamba za yakuti za kuimarishia metali. Katika Urusi ya Kisovieti, A. V. Stepanov alikuwa amekwisha kufungua njia inayokaribiana nayo tangu mwaka 1938. Nakiri wazi kwamba naipenda njia hii kuliko nyingine zote, kwa kuwa ndani yake fizikia yote iko mahali unapoweza kupaona kwa macho: mstari mmoja mwembamba unaong'aa, ambapo majimaji yanageuka jiwe.

4 Februari

Kalibu imewasili. Ni mabamba mawili ya molibdenamu yaliyosimamishwa wima ndani ya chungu cha molibdenamu, yakiwa yameachana kwa nusu milimita. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzi 2,623 na hupakwa vizuri na alumina iliyoyeyuka, yaani majimaji hutambaa juu yake badala ya kujikunja mbali nayo. Hayo mawili ndiyo yanayoipa kazi.

Nieleze jinsi kalibu inavyofanya kazi, kwa sababu mradi mzima umeegemea hapo. Majimaji hupanda ndani ya ufa kwa nguvu ya kapilari, bila pampu yoyote, yakafika juu na kutandaa kwenye uso wa kalibu hadi yakutane na kingo zake zilizochongwa kwa ncha kali. Hapo husimama. Mbegu ikishushwa hadi iguse utando huo na kisha ikaanza kuvutwa juu, majimaji huganda chini yake, na fuwele inayopanda huwa na umbo la uso wa kalibu wala si umbo la ufa. Hivyo ufa mwembamba unaweza kulisha bamba lenye unene wa milimita 8 au 10, mradi uso wa juu umechongwa kwa unene huo.

Swali la kwanza la usanifu ni kimo. Mvutano wa uso wa alumina iliyoyeyuka ni kama nyutoni 0.65 kwa mita, na kila mita ya ujazo ya majimaji hayo ina uzito wa takriban kilo 3,000. Kwa ufa wa nusu milimita, hesabu inatoa kimo cha karibu sentimita 9. Hicho ndicho kikomo. Kwa kuwa kiwango cha majimaji hushuka kadiri bamba linavyorefuka, tumefanya kalibu iwe na kimo cha sentimita 6 kutoka kwenye sakafu ya chungu, ili hata chungu kikikaribia kwisha ufa usikauke. Kupunguza upana wa ufa kungeongeza kimo, lakini kungezuia mtiririko wa kutosha kwa bamba pana, hasa kwenye pembe zake, ambako njaa ya majimaji huonekana kwanza.

19 Februari

Tumepokea malighafi. Tunatumia vipande vilivyovunjwa vya fuwele za Verneuil, yaani zile zinazotengenezwa kwa mwali wa gesi kama Auguste Verneuil alivyoonyesha mjini Paris mwaka 1902, badala ya unga wa alumina. Unga hujaza chungu kwa hewa zaidi kuliko kwa alumina, na hewa hiyo huingia kwenye majimaji. Usafi ni zaidi ya asilimia 99.99. Titani kidogo tu hulipa bamba wekundu hafifu, na kromi vivyo hivyo.

11 Machi

Mabamba ya kwanza yamevutwa, nayo yametufundisha mengi. Yale membamba, ya upana wa milimita 100, yametoka mazima. Lile la upana kamili lilikua vizuri machoni petu: meniska, yaani utando wa majimaji kati ya kalibu na fuwele, ilikuwa imetulia, kingo zilinyooka, na kasi ya kuvuta ilikuwa sentimita mbili hivi kwa saa. Kisha, wakati wa kupoa, likapasuka kwa urefu, kutoka ukingo wa juu hadi karibu na katikati.

Hapa ndipo penye kiini cha mradi, nami nitapakalia kidogo. Watu wengi hudhani kwamba bamba pana ni gumu kulikuza kwa sababu ya mashine kubwa au chungu kikubwa. Tatizo halisi ni umbo la joto juu ya kalibu. Chukua bamba linalopanda, joto lake likipungua kutoka nyuzi 2,050 pale chini. Iwapo joto hupungua kwa kiasi kilekile kwa kila sentimita ya kimo, bamba linasinyaa kwa mpangilio, na hakuna sehemu inayoivuta nyenzake. Mkazo ni sifuri, hata mteremko wa joto ukiwa mkali. Mkazo huzaliwa pale mteremko wenyewe unapobadilika, yaani joto linaposhuka haraka karibu na kalibu kisha likashuka polepole juu zaidi. Na mkazo huo hukua kwa mraba wa upana. Bamba la milimita 300 likiwekwa katika joto lilelile lililolipendeza bamba la milimita 100 hubeba mkazo mara tisa.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, chukua tofauti ya nyuzi 100 tu inayozuiwa kabisa isipanue wala isisinyaze bamba. Katika joto la juu yakuti hupanuka kwa kama sehemu 8 katika milioni kwa kila nyuzi, na ukakamavu wake ni gigapaskali 380 hivi, kwa hiyo mkazo unafika takriban megapaskali 300. Yakuti iliyong'arishwa vizuri inaweza kustahimili kiasi hicho, lakini bamba lililotoka tanurini lina mikwaruzo na viputo kwenye kingo zake, na huvunjika kwa pungufu ya hapo. Isipopasuka, fuwele ikiwa bado ya moto sana hujikunja kwa ndani: tabaka zake huteleza, zikaacha mipaka midogo kati ya maeneo yaliyopishana mwelekeo kwa sehemu ya nyuzi moja ya pembe. Mipaka hiyo haionekani kwa macho. Huonekana siku dirisha linapotazamwa kwa intaferomita, kifaa kinachopima upotofu mdogo sana wa mwanga, wakati ambapo gharama yote imekwisha kutumika.

Pendekezo la kupunguza kasi ya kuvuta lilitolewa katika mkutano wa jioni. Sikubaliani nalo kama tiba. Kasi hubadilisha joto linalotolewa na ugandaji kwenye mstari wa kukua, lakini haibadilishi umbo la joto lililojengwa na ngao za kuzuia joto lisitoroke na kuta za tanuri.

2 Aprili

Tumejenga upya chumba cha joto kilicho juu ya kalibu. Badala ya ngao tatu za molibdenamu zilizopangwa kwa nafasi sawa, sasa ziko nyingi zaidi, zimesongamana karibu na kalibu na kuachana kadiri zinavyopanda, nazo zimezungukwa na pete ya grafiti inayopata joto lake yenyewe kutoka kwenye koili ya umeme inayopasha tanuri. Nia ni kuzuia mporomoko wa joto katika sentimita chache za kwanza, ili mteremko uliobaki uwe karibu na mstari ulionyooka hadi bamba lifike chini ya nyuzi 1,200, ambapo fuwele haitelezi tena kwa urahisi.

Kupima ndani ya chumba hicho ni kazi ya subira. Pairomita, kipimajoto cha mbali, husoma mwanga unaotoka kwenye kitu, lakini yakuti ni angavu, kwa hiyo kifaa huona grafiti iliyo nyuma yake badala ya bamba lenyewe. Tumelazimika kutumia themokapo (vipimajoto vya nyaya) za tungsteni na reni zilizoingizwa mahali bamba lingepita, tanuri likiwa tupu, kisha kuyatumia masomo hayo kusahihisha hesabu za kompyuta. Ung'avu huo pia hufanya joto lisafiri ndani ya fuwele kama mwanga, kutoka kwenye majimaji moja kwa moja hadi juu, na hesabu inayopuuza jambo hilo hutoa picha nzuri isiyo ya kweli.

15 Aprili

Jambo dogo la kukumbukwa na yeyote atakayejenga tanuri kama hili: chungu cha molibdenamu kisigusane na grafiti. Kaboni ikiingia kwenye metali hiyo, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 2,200 hivi, umbali mdogo mno kutoka kwenye joto letu la kazi. Tumeweka vikalio vya tungsteni chini ya chungu, na gesi ya agoni inapitishwa muda wote.

6 Mei

Bamba la upana kamili limetoka zima. Limepoa usiku kucha na siku iliyofuata, na lilipowekwa mezani, mwanga wa dirisha ulipita ndani yake kama katika maji yaliyotulia. Furaha ya karakana siku hiyo sitaieleza kwa urefu, ila ilikuwa ya haki.

Ukaguzi umeanza kwa polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu) zilizokingamana. Bamba lisilo na mkazo huonyesha rangi iliyotandaa sawasawa. Hili letu limeonyesha mawimbi hafifu karibu na kingo mbili za pembeni, ambako joto hutoroka kupitia pengo kati ya ngao na bamba. Kisha tukatazama viputo. Katika mabamba yanayovutwa hivi, gesi iliyoyeyuka kwenye majimaji hukusanyika mbele ya mstari wa kuganda, na vijishimo vidogo hunaswa kwenye fuwele. Kwa kasi ya wastani hujipanga katika tabaka jembamba chini tu ya nyuso mbili, ndani ya kina cha mikromita mia kadhaa. Kasi ikizidi, hutawanyika hadi katikati na hapo hakuna cha kufanya. Viputo vyetu viko karibu na uso. Hii ndiyo sababu tuliamua tangu mwanzo kuvuta unene wa milimita 10 ili tubaki na 8: ziada hiyo ni ya kutolewa pamoja na viputo.

28 Mei

Mwelekeo wa fuwele umejadiliwa tena, kwa sababu mtumiaji wa dirisha ameuliza kwa nini hatumpi bamba ambalo mhimili mkuu wa fuwele, ule unaoitwa mhimili c, umesimama wima kwenye uso. Ombi lake lina msingi. Yakuti hugawa mwanga katika sehemu mbili zenye mwendo tofauti, tofauti ya faharasa zake, yaani vipimo vya jinsi mwanga unavyopindwa, ikiwa 0.008, na mwanga unaopita sambamba na mhimili c huepuka mgawanyiko huo. Lakini bamba la namna hiyo ni gumu sana kulivuta likiwa pana, kwani tabaka zinazoteleza kirahisi huwa zimelala sambamba na uso wake. Sisi twavuta bamba ambalo mhimili c umelala ndani ya uso. Kwa mwanga unaoingia wima, miale yote miwili husafiri njia moja na picha haigawanyiki; kwa mwanga wa mshazari kunakuwa na mgawanyiko mdogo, nao wataalamu wa lenzi wanaweza kuuhesabu. Kwa kamera inayotumia polaraiza, bamba letu halifai, na tumemweleza hivyo bila kuficha.

Kuna angalizo jingine kuhusu mhimili huo. Nguvu ya yakuti ya kustahimili mgandamizo kando ya mhimili c hushuka kwa takriban asilimia 95 kati ya joto la kawaida na nyuzi 800. Watafiti wa jeshi la majini la Marekani huko China Lake, California, wamelishughulikia jambo hilo kwa miaka mingi kwa ajili ya makombora. Dirisha letu halitafika joto hilo, kwa hiyo halitubadilishii chochote.

17 Juni

Kusaga. Watu wa tanuri hupenda kuamini kwamba kazi imekwisha bamba likitoka zima, ilhali muda mwingi na fedha nyingi za mradi ziko hapa. Hapana kitu kinachosaga yakuti haraka kama almasi. Tumeanza na gurudumu la almasi la chembe kubwa ili kuondoa tabaka la viputo na upindaji mdogo uliotokana na kupoa, kisha unga wa almasi mdogo zaidi na zaidi, na mwishowe maji ya silika. Silika ni laini kuliko yakuti, lakini kemia yake hulainisha uso wa alumina kwa tabaka jembamba sana ambalo huondolewa na pedi, na kinachobaki chini ni uso usio na majeraha.

Mpangilio wa kusaga una umuhimu ambao haukupewa nafasi katika mpango wa awali. Uso uliosagwa kwa chembe kubwa huwa na tabaka lililojeruhiwa linalosukuma kwa nje, na bamba jembamba likisagwa upande mmoja tu hupinda kuelekea upande wa pili. Jambo hili hutajwa kwa jina la Mwingereza Frank Twyman. Kwa hiyo tunageuza bamba mara kwa mara na kuondoa kiasi kilekile pande zote mbili, ingawa kila kugeuza kunadai kulibandua, kulisafisha na kulibandika upya.

Baada ya kung'arisha, bamba tupu hupitisha asilimia 85 hivi ya mwanga unaoonekana. Kilichobaki hakipotei ndani ya yakuti: faharasa yake ni 1.77, hivyo kila uso hurudisha karibu asilimia 7.7 ya mwanga. Tabaka lenye faharasa ya karibu 1.33 lingefuta sehemu kubwa ya hasara hiyo, na floridi ya magnesi, yenye 1.38, inakaribia vya kutosha. Tutaipaka upande wa ndani tu. Upande wa nje unapigwa na mchanga, na sioni sababu ya kufunika uso mgumu namna hii kwa kitu laini.

9 Julai

Mabamba yenye mipaka ya ndani yamepelekwa kwenye kazi ya deraya. Mpangilio ni yakuti mbele, kioo katikati, na polikaboneti nyuma, vyote vimegandishwa kwa poliyurethini. Yakuti huvunja au kubutua kiini kigumu cha risasi ya kutoboa deraya. Kioo hupunguza mwendo wa mabaki. Polikaboneti, ambayo hupinda bila kuvunjika, hukamata vipande visimfikie aliye ndani. Yakuti ni nzito kuliko kioo kwa ujazo uleule, 3.98 dhidi ya 2.5, lakini unene unaohitajika hupungua kiasi kwamba deraya nzima huwa nyepesi zaidi na nyembamba zaidi, na dereva wa gari la deraya hupata milango inayofunguka bila kumchosha.

Ugumu ulioko kwenye deraya ni gundi. Bamba la milimita 500 likipitia badiliko la nyuzi 60, yakuti hurefuka kwa milimita 0.17 na polikaboneti kwa milimita 2. Tabaka la gundi lazima livumilie tofauti hiyo kila usiku na kila mchana bila kubanduka wala kuingiwa na ukungu, ndiyo maana linafanywa nene na laini.

Tumeulizwa pia kwa nini hatutumii spineli au oksinitridi ya alumini, ambazo hutengenezwa kwa kukandamiza na kuoka unga, hazigawi mwanga, na zinaweza kufinyangwa kwa maumbo yaliyopinda. Kwa kuba la kombora ningezichagua. Kwa bamba bapa linalopigwa na mchanga, ugumu wa yakuti bado unashinda.

24 Julai

Mawimbi ya mkazo kwenye kingo za pembeni yamepungua baada ya kuongeza ngao mbili nyembamba zinazoziba pengo kati ya bamba na ukuta wa chumba cha joto, lakini hayajaisha. Upande wa kushoto bado una mkazo zaidi kuliko wa kulia, na themokapo zimethibitisha kwamba koili haikai katikati ya chungu: pengo lake linatofautiana kwa milimita moja na nusu kati ya pande hizo. Fundi anatengeneza vishikio vipya vya koili. Vikifungwa, tutavuta bamba la upana kamili kwa kasi ileile na malighafi ileile, ili badiliko pekee liwe nafasi ya koili, na bamba hilo ndilo litakalosagwa kwa ajili ya dirisha la kwanza.